Maneno Manne ya Shihana

Saa kumi na moja alfajiri, jua la Barka halijaota meno,
nafungua komeo la banda la tatu.
Shihana hainuki kwa kishindo.
Anajikunjua, mguu mmoja, kisha mwingine,
kama mtu anayekunjua barua asiyotaka kuisoma.

Shamba hili lilikuwa la ndimu.
Kisima kikaingia chumvi, michungwa na mindimu ikafa imesimama,
mwenyewe akatuachia kwa kodi ya kicheko:
"Pasipoota kitu, wekeni mbwa."
Tukaweka. Sasa ni kumi na tisa.

Huyu alishinda mara sita
nyuma ya pikapu iliyoburura paa aliyejazwa pamba.
Mara ya saba kifundo kikavunjika,
na paa akaendelea kwenda.
Hakuna aliyemwambia kwamba mbio zimekwisha.
Hata leo akiota, miguu yake inakimbia kiubavu juu ya godoro,
nami hukaa pale na kikombe cha tangawizi kinachopoa
nikingoja afike.

Alikuja na hina kuukuu kwenye vidole,
maana kuna mtu alimpenda, msidhani.
Kuna mtu alimpaka hina, akamlaza kwenye zulia lake,
kisha usiku mmoja akamfunga langoni kwetu
na pembeni akaacha gunia la tende.
Tende zenyewe khalasi, za bei.
Sijui nimchukie vipi mtu wa namna hiyo.

Nyumba haijui.
Mlango wa kioo ulimpiga pua mara mbili.
Vidaraja vitatu vya baraza vilimliza.

Wifi yangu Zeyana hanywi tena kahawa kwangu.
Anasema malaika hawaingii.
Mimi naosha mara saba, moja kwa udongo,
viganja vimekauka kama maganda ya vitunguu,
na nguo ya kusalia imo garini, ndani ya mfuko wake, zipu imefungwa.
Malaika watajua pa kunikuta.

Cha ajabu ni lugha.
Uwanjani walimpigia kelele kwa Kiarabu, kwa Kibaluchi, kwa honi.
Nikimwita kwa hizo, mkia unabana tumboni.
Siku moja nimechoka, nafunga bandeji ya nne,
ikanitoka ile ya jikoni, ya mama aliyekulia Wete:
"Haya, basi, pole."
Sikio moja likainuka.
Hakuna aliyewahi kumfokea kwa Kiswahili.

Ijumaa kaja Yaqdhani, fundi wa viyoyozi kutoka Samail,
na binti yake asiyesema mbele ya wageni.
Fomu. Sahihi. Kadi ya chanjo.
Akaniuliza, anaitwaje akaja?
Nikaandika nyuma ya risiti ya dawa ya minyoo:
njoo, taratibu, pole, basi.
Akacheka alipofika la mwisho. "Hili tunalo."
Mnalo, nikasema, lakini lenu linafunga mlango.
Letu laweza pia kuanzisha hadithi.
Binti akaikunja risiti mara nne, akaitia soksini.

Gari ilipoondoka sikupunga mkono.
Nilikuwa na mabanda ya kufagia
na mgeni mpya, mweusi, anayetapika.

Jumanne usiku simu ikaleta sauti, sekunde ishirini na moja.
Kiyoyozi. Kijiko kwenye bilauri.
Kisha yule binti asiyesema,
kwa ulimi wenye mawe ya Samail, juu ya ngazi:
"Njoo."
Kimya.
"Njoo, taratibu."
Kucha kwenye kigae. Kimya kirefu,
nikasahau kupumua, mimi mtu mzima.
Kucha tena. Kidaraja cha pili.

Nikairudia mpaka chaji ikaisha.

Mabanda yote nimeyafagia.
La tatu bado.